Mahindi Yaliyokatazwa Maji

Kazi ya Bi Rula ilikuwa kuyatazama mahindi yakiteseka, na kuandika. Kila siku saa sita mchana, jua likiwa utosini, alipita kati ya mistari na rula yake ndefu ya mbao, akapima urefu wa shina, akahesabu majani yaliyokauka, akatazama mabichi yalivyojikunja, kisha akaandika namba kwenye daftari. Moja ni jani lililofunguka vizuri. Tano ni jani lililojiviringisha kama sigara. Maji yalikuwepo. Koki ilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, imefungwa kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwake mwenyewe.

Kituo kile cha utafiti kilikuwa na mashamba matatu ya mateso, kama wafanyakazi walivyoyaita. Kulikuwa na la chumvi, ambako miche ilinyweshwa maji ya chumvi. La joto, lililofunikwa likawaka kama tanuri. Na hili la kiu, lililoezekwa nailoni ili hata mvua ikinyesha isiguse udongo. "Jela ya mimea," mlinzi wa lango alipenda kusema, "na Bi Rula ndiye bwana jela."

Bi Rula hakucheka. Alishamweleza mara mia. Mbegu ni nane, kila moja imepandwa katika vipande vitatu. Zinakatiwa maji wiki tatu pale pale zinapoanza kutoa mbelewele, yale maua ya juu, kwa sababu ndipo mahindi yanapoumia zaidi. Ukiyanyima maji wakati huo, ndevu zinachelewa, gunzi linabaki na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Mbegu itakayovumilia ndiyo itakayofika kwa wakulima. Mlinzi alisikiliza hadi mwisho, akaitikia, "Sawa, bwana jela."

Siku ya kumi na mbili tangu koki ifungwe, kipande namba tatu kilimshangaza. Vipande vya jirani vilikuwa vimejikunja vyote, vya rangi ya majivu, lakini hiki majani yake yalikuwa wazi, ya kijani, yanapunga upepo kama hayajui kinachoendelea. Akaenda kipande cha kumi na moja. Vilevile. Cha ishirini, huko pembeni kabisa ya uzio, vilevile. Akafungua orodha. Vyote vitatu vilikuwa mbegu moja, ile waliyoiita mbegu ya wazee, ya kienyeji, iliyowekwa pale kwa ajili ya kulinganishia tu. Hakuna aliyeitarajia kufanya lolote zaidi ya kushindwa.

Akahisi bomba limepasuka. Akapiga magoti, akafukua udongo kwa mikono kulifuata bomba hadi kucha zikauma. Bomba lilikuwa zima. Kingekuwepo kile kifaa cha kupimia unyevu wa udongo angepata jibu kwa dakika moja, lakini kifaa kilikuwa kabatini tangu miezi miwili iliyopita kikisubiri betri, na betri ilikuwa ikisubiri sahihi, na mwenye sahihi alikuwa likizo.

"Umepima vizuri?" aliuliza Daktari alipoletewa daftari. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, si daktari wa sindano bali wa mimea, na miaka yake mitatu ya utafiti ilikuwa imelala pale chini ya nailoni.

"Nimepima kama siku zote."

"Twende tukapime tena."

Wakaenda wakapima tena, Bi Rula akishika rula na Daktari akimtazama mkononi kama mwalimu anayemsimamia mwanafunzi aliyeiba majibu. Namba zikatoka zile zile. Daktari akachuchumaa, akashika jani, akalisugua kati ya vidole. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mbegu ya wazee," alisema polepole. "Vipande vitatu, sehemu tatu tofauti, matokeo yale yale. Hii siyo bahati, mama. Mizizi yake itakuwa inakwenda chini kuliko zote. Unajua maana yake?"

"Sijui, Daktari. Mimi naona kuna kitu hakiko sawa."

"Kitu kiko sawa sana. Wageni wanaotufadhili wanakuja Alhamisi. Leo leo nawaandikia." Akamshika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Na mkataba wako unaisha mwezi huu, siyo? Nitaomba wakupe wa miaka miwili."

*

Nyumbani, katika vyumba viwili vya wafanyakazi nyuma ya kituo, Bi Rula alikuta pipa la maji limebaki robo. Maji yalifunguliwa mara mbili tu kwa wiki, na jana lilikuwa limejaa hadi ukingoni.

"Nani ameoga kama tembo humu?"

Binti yake, aliyekuwa akifanya hesabu za shule sakafuni, aliinua uso. "Siyo mimi, mama."

"Kila siku siyo wewe. Wiki ya pili hii! Maji yana miguu?"

Mumewe, fundi rangi, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi na matone meupe hadi kwenye kope. "Mwache mtoto. Labda pipa linavuja."

"Pipa linavuja na sakafu kavu?"

Mzee akaingia wakati huo huo kutoka kukata nyasi za mbuzi wake wawili. Alikuwa baba mzazi wa fundi, amekuja kukaa nao tangu alipouza shamba lake, na uongozi wa kituo ulimruhusu kukata nyasi kando ya uzio. Akaweka kikapu chini, akaomba chai, akasema rangi aliyoleta mwanawe kwa ajili ya mlango ni mbaya, mbuzi mmoja anakohoa, na siku hizi hakuna mtu anayejua kunoa panga. Hayo yalikuwa mazungumzo yake ya kila jioni. Bi Rula alimpa chai kwa mikono miwili, akarudi jikoni kumalizia hasira zake kwenye sufuria.

Kesho yake hakungoja saa sita. Aliingia shambani asubuhi umande ukiwa bado haujakauka, akaenda moja kwa moja kipande cha tatu, akapiga magoti. Chini ya kila shina udongo ulikuwa umefinyangwa kisahani, kipana kama kiganja, na juu yake zilitandazwa nyasi kavu zilizokatwa fupifupi. Ukisimama huzioni, zinafanana na takataka. Akaingiza kidole. Tope.

Alikaa pale magotini muda mrefu. Kisahani kile alikuwa anakifahamu. Kilikuwepo pia nje ya mlango wa jikoni kwake, kwenye mpilipili, kimefinyangwa vivyo hivyo na kutandazwa nyasi vivyo hivyo, na kila asubuhi aliruka juu yake akienda kazini.

*

Kuna maneno ambayo mke wa mtu hamwambii baba mkwe wake hata kinywa kikimwasha. Kwa hiyo alimwambia mumewe.

"Una hakika?" aliuliza fundi rangi.

"Nina hakika. Ndiko maji ya pipa yanakokwenda. Anayabeba kwenye dumu, anafunika na nyasi. Nimempigia mtoto makelele wiki mbili bure."

"Mzee ni mzee," alisema fundi, kana kwamba hilo ni jibu.

"Kamwambie aache."

"Nimwambieje?"

"Kama ninavyokwambia wewe."

Fundi akatoka. Bi Rula alisimama nyuma ya pazia akasikiliza. Wakazungumza habari za kikohozi cha mbuzi. Wakazungumza habari za rangi ya mafuta na rangi ya maji. Fundi akakohoa yeye mwenyewe, wakarudi kwenye mbuzi. Baada ya robo saa fundi akaingia akijifuta jasho.

"Nimemgusia."

"Umemgusia nini?"

"Nimemwambia siku hizi kazini kwenu mambo ni magumu."

Bi Rula alimtazama mume wake aliyezaa naye, akaona hata kugombana kutampotezea muda. Akamimina chai, akaipeleka uani, akavuta kigoda akakaa mbali kidogo na mzee, macho chini.

"Baba, samahani. Naomba kuuliza."

"Uliza, mkwe wangu."

"Kule shambani kuna mahindi yamemwagiliwa."

"Vizuri."

"Si vizuri, baba. Yale hayatakiwi kumwagiliwa."

Mzee akapuliza chai yake. "Mahindi yanapata maji halafu mtu mzima anasema si vizuri. Hiyo shule mliyosoma sijui ilikuwa ya wapi."

"Ni kazi, baba. Tunataka kujua ni ipi inayovumilia jua. Ili watu wapate mbegu isiyowaangusha. Bila kuinyima maji huwezi kujua."

"Kwa hiyo mnayaua haya."

"Hatuyaui. Yanakaa na kiu wiki tatu."

"Mbelewele imetoka, ndevu zinataka kutoka, unanyima maji wiki tatu, halafu unaniambia mimi huyaui?" Alikiweka kikombe chini kwa nguvu. "Mimi hayo nimeyaona bila kalamu. Miaka mitatu mfululizo. Yanaota vizuri, yanatoa mbelewele, mvua inakata. Unasimama pale asubuhi, unasimama jioni, huna la kufanya. Wewe unalo la kufanya. Ufunguo huo hapo shingoni."

Bi Rula alijikuta ameushika ufunguo. Akauachia.

"Lakini kwa nini hayo tu, baba? Kwa nini yale mengine hukuyapa?"

"Yale mengine siyajui. Haya yenye shina jekundu chini ndiyo mbegu yetu. Nimeipanda tangu sijaoa. Ule mwaka wa tatu tuliila. Mama yake huyu fundi wako aliichemsha mbegu yenyewe tukaila, kikombe kimoja kimoja, hadi ikaisha. Nikajua imekwisha duniani. Halafu nakuja huku kukata majani ya mbuzi, naiona imesimama kwenye uzio. Inaachwa ife. Na bomba liko pale."

Bi Rula aliziba uso kwa viganja. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Baba," alisema, "kituoni kuna chumba cha baridi. Ndani yake kuna gunia zima la mbegu hiyo. Hata haya yote yangekauka leo, ipo."

Mzee akageuka kumtazama kwa mara ya kwanza. "Gunia?"

"Gunia zima."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Ningeulizaje kitu nisichojua kama kipo? Wewe ndiye uliyekuwa ukijua mbegu ipo, nami nalala chumba cha pili."

Bi Rula alimuuliza tu ni siku ngapi, na mzee, bila aibu, akamweleza: tangu siku ile walipofunga koki, kila jioni wakati walinzi wanapopokezana zamu, dumu moja kwa kila kipande.

*

Ilikuwa Jumatano, na usiku ule Bi Rula hakulala vizuri. Angeweza kunyamaza. Kumwagilia kungekoma, majani yangejikunja, na Daktari angetafuta maelezo ya kitaalamu kama wanavyotafuta siku zote. Mkataba wa miaka miwili ungekuwa mfukoni. Lakini aliwafikiria watu watakaopewa ile mbegu kwa maneno kwamba inavumilia jua, wakaipanda kwa imani hiyo, mvua ikakata. Nyumba moja ya namna hiyo alikuwa anaijua. Aliishi nayo.

Alhamisi saa moja na nusu alikuwa mlangoni kwa Daktari.

Daktari alisikiliza amesimama, mkono kwenye kiti. Alipomaliza, hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini unaniambia leo?"

"Nimejua jana."

"Wageni wanafika saa nne. Nimeshawatumia ripoti. Wameshanijibu, wananipongeza." Akakaa. Akatazama dirishani. "Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu. Na mzee mwenyewe."

Bi Rula alijua Daktari anafikiria nini, kwa sababu naye alikuwa amelifikiria usiku kucha. Kisha Daktari akajipiga paji la uso kwa kiganja, mara mbili. "Niitie huyo mzee."

Mzee alikuja amevaa koti lake la safari na kofia mkononi. Akakalishwa kwenye kiti kifupi cha wageni, magoti yakamfika kifuani, mbele ya msichana mwenye umri wa wajukuu zake na meza kubwa katikati. Shikamoo ya Daktari aliiitikia kwa sauti isiyosikika.

"Mzee wangu, sikuiti kukugombeza," alisema Daktari. "Nataka kujua ukweli tu. Ulimwagilia mara ngapi?"

Mzee alizungusha kofia. "Mara moja."

"Moja tu?"

"Yalikuwa yamelegea sana siku ile. Nikayaonea huruma. Mara moja tu."

Bi Rula aliona mabega ya Daktari yakishuka kwa nafuu. Tayari alikuwa anavuta karatasi. "Kama ni mara moja, labda bado tunaweza… tunaondoa siku hiyo, tunaeleza…"

"Baba," alisema Bi Rula.

Mzee hakugeuka.

"Baba, siyo mara moja. Jana uliniambia ni kila jioni. Siku kumi na tatu."

Kalamu ya Daktari ikasimama. Mzee akamtazama mkwe wake, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyezabwa kofi sokoni mbele za watu na mtu wa nyumbani kwake. Akainuka kwa shida kutoka kile kiti kifupi, hakuna aliyethubutu kumshika mkono, akavaa kofia.

"Kama mkwe amesema," alisema, "basi ndivyo."

*

Wageni walipofika walipelekwa shamba la chumvi, wakaonyeshwa miche iliyodumaa, wakapiga picha, wakaondoka. Vipande vitatu vikafutwa kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Bi Rula akapewa barua ya onyo, kwa kosa la kutoangalia mazingira ya kazi, na mkataba wa miezi mitatu. Mzee akapigwa marufuku kukaribia uzio. Mlinzi, ambaye kila jioni alipishana na dumu la maji lililofunikwa nyasi, hakupewa barua yoyote, na aliendelea kumwita Bi Rula bwana jela.

Nyumbani mzee aliacha kusema na mkwe wake. Alikunywa chai uani peke yake na akawa anatuma ujumbe kupitia kwa mjukuu: "Mwambie mama yako sukari ni kidogo." Binti alifikisha, Bi Rula akajibu, "Mwambie babu yako sukari imekwisha," na wote watatu walikuwa mahali pamoja, wametengana kwa pazia tu. Fundi rangi aliupaka mlango upya mara mbili ili awe na sababu ya kukaa nje.

Karibu miezi mitatu ilipita hivyo. Mahindi yakavunwa, yakapimwa, na orodha ya mbegu za msimu unaofuata ikatoka. Bi Rula aliisoma kazini, akaisoma tena njiani. Alipofika uani hakupitia kwa mtoto.

"Baba, mbegu yenu haimo kwenye orodha ya msimu ujao."

Mzee alikuwa akinoa panga. Akasahau kwamba hasemi. "Kwa nini? Si ilistawi kuliko zote?"

"Ndiyo maana. Zile nyingine zina takwimu. Yenu haina. Hakuna anayejua ingevumilia au isingevumilia." Alikuwa amechoka, na maneno yakamtoka kama yalivyo. "Wameitoa kwa sababu haikuteseka, baba."

Mzee aliacha kunoa. Akaliweka panga mapajani. Kisha akauliza, "Yule binti, daktari wenu, anaingia kazini saa ngapi?"

"Baba, ameshasema hapana. Nimemwomba mimi mwenyewe, amekataa. Mkataba wangu unaisha wiki ijayo, tafadhali…"

Asubuhi mzee hakuwepo kitandani. Bi Rula alimkuta nje ya lango la kituo, amekaa juu ya jiwe, amevaa koti la safari. Gari la Daktari likaja, mzee akasimama akavua kofia, gari likapita. Jioni likatoka, akasimama tena. Siku ya pili hivyo hivyo, na Bi Rula akapita langoni kichwa chini huku wenzake wakimuuliza kama yule ni wake. Siku ya nne Daktari akashusha kioo. Walichozungumza Bi Rula hakukisikia; alimwona tu mzee akitingisha kichwa, akikubali kitu, akitingisha tena.

Saa tano Daktari alimwita ofisini, akamsukumia karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa mkataba, miezi mitatu mingine. Nyingine orodha, yenye mstari mmoja ulioongezwa kwa mkono.

"Mwambie mzee wako nimeirudisha," alisema Daktari bila kuinua macho. "Na aondoke langoni kwangu. Ananitia wazimu."

*

Msimu uliofuata, koki ilipofungwa, pipa la nyumbani lilikaa na maji yake. Siku ya kumi Bi Rula alikuwa kwenye kipande cha mbegu ya wazee, jua limemkalia shingoni, aliposikia mtu akikohoa. Mzee alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mbali na uzio kama alivyoagizwa, mikono nyuma. Hakuwa na kikapu.

Mahindi hayakuwa katika hali nzuri. Majani ya chini yalikuwa yamekauka hadi kwenye shina, ya juu yamejikunja, na mbelewele ilikuwa imetoka nyembamba, bila ndevu hata moja chini yake.

"Inaumia," mzee alisema kwa sauti kutoka kule alikokuwa.

"Inaumia, baba."

"Kuliko zile nyingine?"

Bi Rula aligeuka akatazama kushoto na kulia. Angeweza kusema vyovyote. "Kuliko nyingi. Siyo zote."

Mzee aliitazama mbegu yake. Mkono mmoja ulitoka nyuma ya mgongo, ukafika usawa wa kiuno, ukarudi.

"Basi andika hivyo hivyo," alisema. "Usiipendelee."

Na Bi Rula, ambaye tangu aanze kazi ile hakuwahi kupendelea hata jani moja, alifungua kinywa kumjibu baba mkwe wake, akaona haifai, akakifunga. Akaweka rula kwenye shina, akapima, akaandika.